Dawa Ijaribiwe Kwetu, Lakini kwa Haki

Tangu siku za kwanza za Uhuru tumefundishwa kwamba maadui wa taifa letu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mara nyingi husemwa kama kwamba kila mmoja wao ana kambi yake peke yake. Kumbe yako maradhi ambamo wote watatu hukaa nyumba moja na kula sahani moja. Leo twataka kusema habari za maradhi ya namna hiyo, ambayo hayapigiwi ngoma wala hayatajwi katika mikutano. Nayo ni ugonjwa wa kutetemeka, ambao madaktari huuita ugonjwa wa Parkinson.

Huko Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela hapa Mwanza, ambako nyumba mpya zimepanda hadi miguuni mwa vilima vya mawe, yuko mzee mmoja tunayemfahamu. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa hakututuma kulitangaza. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, akalipa ada yake ya chama bila kukumbushwa, akalea watoto na kujenga nyumba. Miaka michache iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka alipokuwa ameketi kimya. Akishika kikombe mtetemeko hupungua. Akiuweka mkono juu ya paja, hurudi. Baadaye hatua zake zikawa fupi, miguu ikaburura vumbi, na uso ukakauka kama wa mtu aliyekasirika. Sauti yake, iliyokuwa ikisikika uwanja mzima wa mkutano, sasa ni ya kunong'ona.

Watu wakatoa hukumu zao. Konda wa daladala alimkatalia kupanda, akisema yeye hachukui walevi, ilhali mzee yule hajapata kuonja pombe maishani mwake. Jirani mmoja akasema ni uzee tu, wala hakuna la kufanya. Mwingine, na huyu ndiye aliyetutia hofu, alimtazama mke wa mzee, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yule ana macho mekundu. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni, na maneno yaliyowaua yalianza vivyo hivyo, kwa kunong'onwa ukutani.

Tulipokwenda kumjulia hali, mzee alitukaribisha, akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake pale pale. Alisema: "Wanangu, nasikia redioni kwamba huko Ulaya kila mwaka wanajaribu dawa mpya za ugonjwa huu wangu. Mbona hawaji kujaribu kwetu? Au sisi hatutetemeki?"

Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa kila mwanachama na mfanyakazi aliye na mzazi, jirani au mwenzake kazini mwenye hali kama hiyo.

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Ndani kabisa ya ubongo wa binadamu mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, na kwa kitu hicho ubongo huuendesha mwili uende kwa ulaini. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwili hukakamaa, mwendo huwa wa polepole, na viungo hutetemeka vinapopumzika. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kupotea. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula pamoja, wala hautumwi na mtu. Si kila mtetemeko ni Parkinson: yako matetemeko ya kurithi, na zipo dawa za maradhi ya akili ambazo huweza kuleta hali kama hiyo. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya 8,500,000 walikuwa na ugonjwa huu ulimwenguni, na kwamba watu 329,000 walikufa kwa ajili yake mwaka huo.

Je, sisi hatutetemeki? Jibu limo katika utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 2005 na 2006, wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 wakiuliza habari za watu wanaotetemeka au kwenda kwa shida. Daktari Catherine Dotchin na Profesa Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na wenzao Watanzania, waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Hesabu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya nchi za Ulaya, lakini isitudanganye, maana watu wetu wengi ni vijana, na ugonjwa huu hupenda wazee. Jambo la kushtua lilikuwa jingine. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wameishi nao miaka mingi wakiita uzee, au laana, au kazi ya mbaya wao.

Mwaka 2011 Gerry Mshana, mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu hapa Mwanza, pamoja na wenzake hao, walitoa maandishi yaliyokusanya maneno ya wagonjwa wa Hai na wanaowauguza. Yaliyosemwa Hai ndiyo tunayoyasikia Kiseke: aibu ya kula mbele ya watu, mzigo kwa mke na watoto, safari za kwa waganga wa kienyeji, na wahudumu wa afya ambao wenyewe hawakuujua ugonjwa. Wahenga walisema kweli kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi na tuje kwenye neno lenyewe la majaribio ya dawa, maana hapo ndipo penye uvumi mwingi kuliko maarifa.

Daktari wa Kiingereza James Parkinson aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817, akieleza wagonjwa sita. Ikapita karne moja na nusu karibu bila dawa ya maana. Kisha mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, wakalala wamekakamaa. Akawapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz alionyesha, huko Vienna, kwamba bongo za waliokufa na Parkinson zimepungukiwa na dopamini. Mwaka uliofuata yeye na daktari Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka kwa muda. Mwaka 1967 George Cotzias, katika Marekani, alionyesha kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa kipimo kikubwa, kikipandishwa taratibu, humfaa mgonjwa kwa siku nyingi. Hata leo levodopa, ikichanganywa na mwenzake karbidopa, ndiyo nguzo ya tiba. Haiponyi, na baada ya miaka huweza kuleta misukosuko ya mwili kujinyonganyonga, lakini humrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta kitu kimoja ambacho bado hakijapatikana, nacho ni dawa ya kuzuia chembe za ubongo zisife. Dawa kama hiyo haiwezi kukubaliwa kwa neno la mtu mmoja aliyesema amepona. Hujaribiwa kwa hatua: kwanza kwa watu wachache, kuona kama haina madhara, kisha kwa wengi kidogo, kutafuta kipimo, halafu kwa mamia au maelfu, kuilinganisha. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, hawa wapewe dawa, wale wapewe dawa iliyozoeleka au kidonge kitupu kinachofanana nayo. Wala mgonjwa wala daktari anayempima hajui nani amepata nini mpaka mwisho.

Wako watakaouliza, kwa nini mchezo huo wa kufichana? Kwa sababu ugonjwa huu, kuliko mengi mengine, hudanganywa na matumaini. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Canada, walionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa kitu kisicho dawa huku akiamini kwamba ni dawa, ubongo wake wenyewe hutoa dopamini, na kwa saa kadhaa huona nafuu ya kweli. Hapa msomaji atafahamu kwa nini mgonjwa hurudi kwa mganga wa kienyeji akishukuru wiki ya kwanza, na wiki ya nne amerudi pale pale na mbuzi wake amekwisha. Si lazima mganga awe mwongo, wala mgonjwa awe mjinga. Matumaini ni dawa ya muda mfupi, na gharama yake hulipwa baadaye.

Mwaka huo huo wa 2001 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani ambamo wagonjwa 40 walihusika. Nusu yao walipandikizwa chembe changa za ubongo. Nusu nyingine walitobolewa fuvu tu, bila kupandikizwa kitu. Kabla ya hapo upasuaji huo ulisifiwa sana. Ulipolinganishwa kwa haki, wagonjwa kwa jumla hawakujiona bora kuliko wale waliotobolewa bure, na baadhi ya waliopandikizwa walipatwa baadaye na misukosuko ya viungo isiyozuilika.

Yako mengine. Dawa iitwayo kreatini ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,741 katika Marekani na Canada, jaribio likasimamishwa mwaka 2013 kwa kuwa haikufaa. Koenzaimu Q10, inayouzwa madukani kwa bei kubwa na sifa nyingi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 600, nayo haikufaa. Exenatidi, dawa ya kisukari, ilionekana njema katika jaribio dogo la London lililotangazwa mwaka 2017. Jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 194, kwa majuma 96, lilipotangazwa mwaka 2025 halikuonyesha faida. Msomaji asiyaite haya hasara tupu. Kila jaribio lililoanguka kwa haki limewaokoa maelfu ya watu wasitumie fedha zao kununua kitu kisichofaa. Hasara kubwa ni ya yule anayeuziwa chupa sokoni ambayo haikupata kujaribiwa na mtu.

Sasa turudi nyumbani. Katika wilaya ile ile ya Hai lilifanyika jaribio dogo ambalo habari zake zilitangazwa mwaka 2010. Wagonjwa 21 walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara, kama vile mpigo wa sauti unaomwambia mtu wakati wa kukanyaga, kwa vipindi 9 vya nusu saa. Mwendo wao ulikuwa wa kasi zaidi na hatua zao zikarefuka. Hapakuhitajiwa mashine ya mamilioni. Mtu aliyecheza ngoma tangu utoto hashangai kwamba mpigo huweza kuuongoza mguu ambao ubongo umeshindwa kuuongoza.

Lakini liko neno moja katika habari za jaribio hilo ambalo halina budi kutukereketa. Wagonjwa wale walielezwa kuwa ni watu ambao hawajapata kutumia dawa. Kwa mtafiti wa Ulaya hilo ni jambo adimu, maana kwake mgonjwa hupewa levodopa mara ajulikanapo. Kwetu ni aibu. Dawa iliyokwisha kuthibitishwa mwaka 1967, kabla wengi wa wasomaji wetu hawajazaliwa, ilikuwa haijawafikia wazee wa Kilimanjaro karibu miaka 40 baadaye. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati levodopa na karbidopa ama hazipatikani ama bei yake haifikiwi na mgonjwa.

Hapo ndipo linapoingia jambo la upupu. Kila aliyekulia kijijini anaujua upupu, ule mmea wenye maganda ya manyoya yanayowasha, ambao watoto watundu huwapaka wenzao. Wachache wanajua kwamba mbegu zake zina levodopa ya asili, kiasi cha 5 kwa mia hivi. Waganga wa India walizitumia tangu kale. Daktari wa Kiitaliano Roberto Cilia na wenzake walizijaribu mbegu hizo, zikiwa zimekaangwa na kusagwa, kwa wagonjwa 18 katika Bolivia, nchi ambayo maskini wake hawamudu vidonge. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dozi moja iliyopimwa vema iliwafungua wagonjwa viungo kama kidonge cha dukani. Walipoendelea mwaka uliofuata kutangaza jaribio la majuma 16 kwa wagonjwa 14, nusu yao walikuwa wameacha, wengine kwa maumivu ya tumbo na kichefuchefu, wengine kwa kuwa mwendo wao ulizidi kuwa mbaya.

Twayaeleza yote mawili kwa makusudi. Mtu akisikia nusu ya kwanza atakimbilia vichakani na kinu. Akisikia nusu ya pili tu atasema mmea huo ni bure. Ukweli ni kwamba upupu una dawa, lakini kipimo chake hubadilika toka mbegu hata mbegu, nao huweza kumchafua mgonjwa tumbo, kumshusha msukumo wa damu, au kumvuruga akili. Mzee wetu wa Kiseke aliletewa unga wa namna hiyo katika karatasi, bila jina wala kipimo. Tulimsihi asiutumie kabla ya kumwonyesha daktari. Kazi ya kuupima upupu wetu ni kazi inayofaa kabisa kufanywa na Waafrika wenyewe, katika maabara zao na kwa wagonjwa wao waliokubali.

Iko sababu nyingine ya kutaka majaribio yafike kwetu. Dawa nyingi zinazojaribiwa sasa zimekusudiwa kurekebisha kasoro za urithi zinazohusika na ugonjwa. Lakini kwa miaka mingi urithi uliochunguzwa ulikuwa wa Wazungu. Mwaka 2023 utafiti uliowahusisha wagonjwa wengi wa Nigeria, pamoja na watu wengine wenye asili ya Afrika, uligundua alama ya urithi katika jini iitwayo GBA1, iliyo ya kawaida kwa watu wa asili ya Afrika na karibu haipo kabisa kwa Wazungu. Lau Waafrika wasingechangia damu zao, alama hiyo isingejulikana, na dawa zingetengenezwa kwa kipimo cha mguu usio wetu. Tangu mwaka 2022 uko pia utafiti mkubwa wa Parkinson unaozihusisha nchi saba: Misri, Ethiopia, Kenya, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatuwezi kungoja dawa inayotufaa huku tukikataa kujulikana miili yetu ilivyo.

Na asiseme mtu kwamba Mwanza haiwezi. Mji huu umekwisha kuufundisha ulimwengu kwa majaribio yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 jamii 12 za mkoa huu zilishiriki katika jaribio la kutibu vema magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha 40 kwa mia mahali huduma hiyo ilipotolewa. Ndugu zetu wa Rakai, ng'ambo ya Ziwa katika Uganda, walijaribu njia nyingine, ya kugawa dawa kwa watu wote kwa pamoja, nao mwaka 1999 wakatangaza kwamba maambukizo hayakupungua. Mabishano yaliyofuata yaliwafundisha wataalamu mengi kuhusu njia na wakati. Tena kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki katika jaribio la chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kuona kama dozi moja yatosha. Ushahidi wao ulikuwa miongoni mwa ule uliolifanya Shirika la Afya Duniani kuikubali dozi moja mwaka 2022, na mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikahamia dozi moja. Leo msichana wa nchi ya mbali huchomwa sindano moja badala ya mbili kwa sababu, pamoja na wengine, msichana wa Mwanza alikubali kutoa damu yake ipimwe. Hizo ni heshima ambazo mji wetu hauzisemi vya kutosha.

Kwa hiyo taasisi tunazo, hospitali ya rufaa ya Bugando tunayo tangu mwaka 1971, na wananchi wenye moyo wa kujitolea tunao. Tulilopungukiwa ni madaktari wa mishipa ya fahamu, ambao katika nchi nzima ni wachache mno, na vidonge vya kila siku.

Tunajua wako watakaosema kwamba majaribio ni hila ya kutufanya panya wa maabara. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1996, katika mji wa Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia dawa watoto 200 wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na 11 kati yao wakafa, baadhi wakiwa wamepewa dawa ya kampuni hiyo na wengine dawa ya kulinganishia. Familia zililalamika kwamba hazikuelezwa vema. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola 75,000,000. Mtu anayewacheka wananchi wanaoogopa hajui historia. Lakini dawa ya hofu hiyo ni sheria iliyo macho na mwananchi anayejua haki yake. Tukifunga mlango, atakayepita dirishani ni yule asiye na kibali.

Mfanyakazi anafahamu jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye hakatai kazi kwa kuwa wako matajiri wanyonyaji, hudai mkataba. Na mgonjwa anayeingia katika jaribio huutoa mwili wake, ambao ni mali yake ya mwisho. Basi naye adai mkataba, na sisi tumsaidie kuudai.

Kwanza, aelezwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisukuma panapohitajika, ni kitu gani kitafanywa, kina hatari gani, na kwamba huenda akapewa kidonge kitupu. Apewe siku za kufikiri na kushauriana na jamaa zake. Aweze kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Pili, asiachwe mgonjwa yeyote bila levodopa kwa ajili ya utafiti, ikiwa anaihitaji. Dawa mpya na iongezwe juu ya ile iliyothibitishwa. Isiwe umaskini wetu ndio unaotufanya tufae kwa majaribio.

Tatu, jaribio likiisha na dawa ikaonekana njema, walioshiriki waendelee kuipata. Hilo si ombi la huruma. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2024, linataka mipango hiyo ifanywe kabla jaribio halijaanza.

Nne, pasifanyike jambo lolote bila kibali cha kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwananchi akiletewa karatasi ya kutia sahihi, na aulize vibali viko wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tano, matokeo yarudi. Wagonjwa walioketi miezi mingi wakipimwa wasisikie habari zao kutoka kwa wageni. Na wauguzi na madaktari wetu wafundishwe katika kazi hiyo, ili watafiti wakiondoka maarifa yabaki.

Lakini hatuna haja ya kungoja jaribio lolote ili tuanze kazi yetu wenyewe. Mabalozi wa mashina na viongozi wa matawi wanajua kila nyumba ina nani. Wakimwona mtu ambaye mkono wake hutetemeka unapopumzika, au ambaye mwendo wake umekuwa wa kuburura, wampeleke zahanati, na zahanati imwandikie barua ya kwenda mbele. Vyama vya wafanyakazi viwatetee wale ambao ugonjwa huu huwapata wangali kazini, maana wako wanaofukuzwa kwa uzembe na hali kosa lao ni ugonjwa. Halmashauri zihakikishe levodopa na karbidopa zimo katika maombi ya dawa ya kila robo mwaka, kwa kuwa mgonjwa akiikosa ghafula huweza kupata madhara makubwa. Na atakayenong'ona habari za macho mekundu aambiwe hadharani kwamba amekosea, kabla neno lake halijatafuta panga.

Mzee wetu wa Kiseke sasa amekwisha kuonwa na daktari na kuanzishiwa vidonge. Hatusemi kwamba amepona, kwani dawa ya kuponya haijapatikana popote duniani. Lakini tulipomwona mara ya mwisho alikuwa ameketi barazani na mkewe, akimenya chungwa kwa mikono yake mwenyewe, polepole sana, ganda likishuka bila kukatika. Tulimpa majibu yetu. Tukamweleza ya Hai, ya Bolivia na ya Nigeria, na masharti yote matano. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi wakija na hayo, mimi mniandike wa kwanza. Na wasipokuja na hayo, wafungieni njia."

Sisi twaafikiana naye. Ni wajibu wa chama, wa serikali na wa kila mwananchi kuhakikisha kwamba watakapokuja, watakuja na hayo.